Mkono Uliochonga: Kumbukumbu za Kumtafuta Fundi wa Nakshi za Bastola ya Kale

Bastola ya kale iliyotiwa nakshi hubeba majina mengi, na karibu yote si ya mtu aliyeitia nakshi hiyo. Juu ya mtutu huandikwa jina la kiwanda na mji wake, ubavuni mwa kiunzi hupigwa tarehe za hataza, yaani haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ya kumiliki uvumbuzi wake kwa muda maalumu, na mpinini pengine huchongwa herufi za mwanzo za jina la mmiliki. Ama fundi aliyekaa na chuma hicho siku baada ya siku akikichimba kwa patasi nyembamba, aghalabu hakuachiwa nafasi ya kuandika lake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na swali la nani aliyeviunda ndilo ambalo wakusanyaji, wauzaji na watunzaji wa makumbusho wamekuwa wakiulizana kuhusu silaha hizi tangu zilipoacha kuwa zana na kuwa vitu vya thamani. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kuorodhesha vitu vya kale vya chuma katika makusanyo ya watu binafsi kaskazini-mashariki mwa Marekani, amejifunza katika kazi hiyo kwamba jina la fundi linapaswa kufikiwa mwishoni mwa uchunguzi, kwa kuwa anayeanza na jina analolitamani hulikuta kila mahali anapotazama.

Ili kuelewa ugumu wa swali lenyewe, ni lazima kwanza kueleza jinsi nakshi hizo zilivyoingia katika biashara ya silaha. Samuel Colt, aliyepata hataza yake ya Marekani mwaka 1836 kwa ajili ya bastola ya silinda, yaani bastola yenye pipa dogo linalozunguka na kubeba risasi kadhaa kwa pamoja, alitambua mapema kwamba mashine za kiwanda chake cha Hartford, katika jimbo la Connecticut, zingeweza kutoa silaha nyingi zinazofanana, lakini kilichofungua milango ya wafalme na majenerali kilikuwa silaha moja isiyofanana na nyingine yoyote. Mwaka 1854 alimzawadia Tsar Nicholas I wa Urusi bastola zilizopambwa kwa dhahabu, na Sultani Abdülmecid wa dola la Uthmaniya naye alipata yake katika kipindi hichohicho. Katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York imehifadhiwa bastola kubwa ya aina ya Dragoon, ya takriban mwaka 1853, yenye sura ya George Washington iliyotiwa kwa dhahabu ndani ya chuma. Kazi za namna hiyo zilihitaji mafundi ambao Marekani ya wakati ule haikuwa nao kwa wingi, na wengi waliozifanya walikuwa wahamiaji kutoka nchi za Kijerumani, ambako utiaji wa nakshi kwenye bunduki za kuwindia ulikuwa ufundi wa kurithishana.

Aliyekuwa mashuhuri kuliko wote miongoni mwa wahamiaji hao ni Gustave Young, aliyezaliwa Prussia mwaka 1827, akawafanyia kazi Colt katika miaka ya 1850 na 1860, kisha mwaka 1869 akahamia Springfield, katika jimbo la Massachusetts, kuwafanyia kazi Smith & Wesson, ambako wanawe Oscar na Eugene walifuata nyayo zake. Pale Hartford nafasi ya fundi mkuu ilishikwa tangu mwaka 1871 hadi 1921 na Cuno Helfricht, na mjini New York alikuwapo Louis Daniel Nimschke, aliyeishi kuanzia mwaka 1832 hadi 1904, ambaye hakufungwa na kiwanda kimoja, bali alipokea kazi kutoka kwa wafanyabiashara wa silaha na kutia nakshi bastola na bunduki za viwanda mbalimbali. Mafundi hawa walilipwa kwa kila kipande walichokimaliza, na kwa kuwa kilichokuwa kikiuzwa sokoni ni jina la kiwanda au la duka, kutia saini kulikuwa jambo la nadra. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya majina yao kupotea.

Sababu ya pili ni kwamba jina linapoonekana huweza kumpotosha mtazamaji zaidi kuliko lisingekuwapo. Mfano unaowasumbua wengi ni bastola ya Colt ya mwaka 1851 ya aina iliyoitwa Navy, ambayo silinda yake imezungukwa na picha ya mapigano ya majini kati ya meli za Texas na za Meksiko, pamoja na tarehe ya 16 Mei 1843 na maandishi yanayosema kwamba mchongaji ni W. L. Ormsby wa New York. Waterman Lilly Ormsby alikuwa mtu halisi na fundi hodari, mchongaji wa mabamba ya kuchapia noti za benki, na picha hiyo kweli aliichonga yeye. Lakini aliichonga juu ya gurudumu dogo la chuma kigumu, ambalo kisha lilibingirishwa kwa nguvu ya mashine juu ya kila silinda ili picha ijigandamize humo, kiasi kwamba mchoro uleule unaonekana kwenye maelfu ya bastola ambazo Ormsby hakuzigusa kamwe. Mwandishi ameonyeshwa zaidi ya mara moja bastola ya aina hiyo ikiwa na cheti kinachodai kwamba nakshi zake zote ni za Ormsby, ilhali majani yaliyochongwa kwenye kiunzi na mtutu yalikuwa ya mkono mwingine kabisa. Somo linalotokana na hayo ni kwamba kabla ya kuuliza nani aliyechonga, mchunguzi anapaswa kuuliza ni sehemu gani zimechongwa kwa mkono na zipi zimepigwa chapa.

Jibu la swali hilo hupatikana kwa lenzi ya kukuzia na mwanga unaopita kando ya chuma badala ya kukimulika kutoka juu. Mkato wa patasi ya mkono huacha mfereji wenye kingo mbili zinazokutana chini kwa pembe kali, na kwa kuwa fundi hukaza na kulegeza mkono kadiri anavyozunguka kona, mfereji huo hupanuka na kusinyaa, ukianza kwa ncha, ukinenepa katikati na kuishia kwa ncha tena. Mchoro uliogandamizwa na gurudumu huwa na upana mmoja usiobadilika na kina kidogo, na ule uliounguzwa kwa asidi huwa na sakafu yenye vishimo visivyo na mpangilio, kwa sababu asidi hula chuma pande zote. Jambo jingine linalotazamwa ni mpangilio wa kazi kiwandani, maana kiunzi cha bastola ya Colt kilifanywa kigumu kwa kupashwa moto pamoja na makaa ya mifupa na kisha kuzamishwa majini, hatua iliyokipa uso mgumu na madoa ya rangi ya buluu, kahawia na kijivu; nakshi ilipaswa kuchongwa kabla ya hapo, kwa kuwa baada ya hapo chuma hukataa patasi. Kwa hiyo kiunzi chenye nakshi nzuri lakini kisicho na madoa hayo wala koti la nikeli au la fedha huzua mashaka, na chenye mikato inayopita juu ya vishimo vya kutu ambavyo vingechukua miongo mingi kuota, hujieleza chenyewe kwamba kilichongwa muda mrefu baada ya kuondoka kiwandani.

Mara tu inapothibitika kwamba nakshi ni ya mkono na ni ya zamani, wachunguzi wengi hukimbilia kutazama kile kinachovutia zaidi, yaani kichwa cha mbwamwitu kilichochongwa ubavuni mwa nyundo, tai aliyekunjua mbawa, au nyati kwenye mpini wa pembe. Hapo ndipo uzoefu unapofundisha kinyume cha mazoea, kwa kuwa michoro mikubwa ndiyo iliyonakiliwa zaidi: kichwa cha mbwamwitu kilikuwa mtindo wa karakana za Hartford kwa ujumla, kikachongwa na bwana na wanafunzi wake vilevile. Katika karne ya 19 Mwitalia Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari kabla ya kugeukia uhakiki wa sanaa, alidai kwamba mchoraji wa picha hutambulika kwa namna anavyochora ndewe za masikio na kucha za vidole kuliko anavyochora nyuso, kwa sababu katika sehemu hizo ndogo mkono hufanya kazi bila kufikiri na hivyo hufuata mazoea yake. Hoja hiyo inafaa zaidi kwenye chuma kuliko kwenye turubai, kama vile mshonaji anavyotambulika kwa namna anavyofunga uzi upande wa ndani wa nguo na wala si kwa mtindo wa gauni ambao mteja aliuona mahali akauagiza.

Ndewe za masikio za bastola ni mambo manne ambayo mwandishi amezoea kuyakagua kwa mfululizo. La kwanza ni mizunguko ya majani, yaani matawi yanayojiviringa ambayo ndiyo uti wa mgongo wa nakshi hizi: kama ni midogo na iliyobanana kwa mtindo wa mizabibu ambao mafundi wa Kijerumani walikuja nao, au ni mikubwa, iliyoachana na yenye kupumua, kama ilivyokuja kupendwa New York. La pili ni mandhari ya nyuma, yaani nafasi iliyobaki kati ya majani, ambayo fundi huijaza vitone kwa kugonga ncha ya chuma. Wapo wanaovipanga safu kwa safu na wapo wanaovimwaga tu. La tatu ni mistari ya kivuli ndani ya jani, ambayo huanzia ukingoni kuelekea katikati, na idadi yake pamoja na pembe inakoelekea huwa ni tabia ya mtu kama mwandiko wake. La nne, ambalo hupuuzwa mno, ni herufi, kwa sababu katika bastola nyingi za zawadi jina la Sam'l Colt lilichongwa kwa mkono juu ya mtutu badala ya kupigwa chapa, na mkia wa herufi hauwezi kuigwa kwa urahisi na mtu ambaye hakujifunza kuandika hivyo.

Mazoea hayo, hata hivyo, yangebaki kuwa maoni matupu kama kusingekuwa na kitu cha kuyalinganisha nacho, na hapa historia imekuwa karimu kwa namna isiyotarajiwa. Nimschke alikuwa na desturi ya kuchukua nakala za kazi zake: alipaka wino kwenye nakshi, akapangusa ule wa juu ili ubaki ule ulioingia kwenye mikato, kisha akagandamiza karatasi juu yake, na karatasi hiyo ikatoka na mchoro kamili, mstari kwa mstari, kwa ukubwa wake halisi. Nakala hizo alizibandika katika daftari lililomsaidia kama kumbukumbu ya miundo na kama sampuli za kuwaonyesha wateja, na mwaka 1965 mwanahistoria wa silaha R. L. Wilson alilichapisha kama kitabu. Kwa hiyo fundi ambaye hakutia saini sehemu kubwa ya kazi zake ndiye aliyeacha ushahidi ulio bora kuliko saini, maana saini huweza kuongezwa na mwongo kwa dakika chache, ilhali nakala ya wino ya miaka ya 1870 huweza kuwekwa kando ya bastola na mikato ikahesabiwa mmoja mmoja.

Upande wa pili wa ushahidi ni karatasi za kiwanda. Moto uliounguza sehemu kubwa ya kiwanda cha Colt mwezi Februari 1864 umeacha mapengo makubwa katika habari za bastola za awali, lakini kuhusu aina iliyofuata, hasa ile iliyoanza kutolewa mwaka 1873 na kujulikana kama Single Action Army, leja za shehena zimesalia kwa wingi, na kutokana nazo mwenye bastola anaweza kupewa barua inayotaja siku silaha yake ilipoondoka kiwandani, ilikopelekwa, urefu wa mtutu, aina ya mpini na umaliziaji wa uso wake. Barua hiyo ni msaada mkubwa, ila wanaoisoma kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba inaweza kusema bastola ilitiwa nakshi na isiseme nani aliyeitia. Neno moja dogo katika leja hizo lina uzito wa pekee, nalo ni lile linaloeleza kwamba silaha ilitumwa ikiwa laini, maana yake ikiwa haijafanywa ngumu wala kumaliziwa. Neno hilo ni dalili kwamba mnunuzi, ambaye aghalabu alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa mjini, alikusudia kumpa fundi wake mwenyewe kazi ya kuipamba.

Umuhimu wa kujua njia ambayo silaha ilipita unaonekana wazi katika bastola mbili mashuhuri za aina hiyo moja. Ile iliyokuwa ya Theodore Roosevelt, iliyo katika Jumba la Makumbusho la Autry mjini Los Angeles, iliuzwa katika miaka ya 1880 kupitia duka la Hartley & Graham la New York, na nakshi zake zinahusishwa na Nimschke. Ile ya Jenerali George S. Patton iliondoka Hartford mwezi Machi 1916 kuelekea kwa muuzaji mmoja wa El Paso, Texas, ikiwa tayari imepakwa fedha na kutiwa nakshi na karakana ya kiwanda, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Helfricht. Kiwanda ni kimoja na umbo ni lilelile, lakini mikono ni miwili tofauti, kwa sababu moja ilipita New York na nyingine haikupita. Bastola ya Patton ina funzo la ziada, kwa kuwa mwenyewe alikata mapengo mawili kwenye mpini wake wa pembe za ndovu baada ya mapambano yake nchini Meksiko mwaka huohuo wa 1916, hivyo chombo kimoja kikawa na alama za watu wasiopata kukutana.

Mipini ya pembe za ndovu kama huo humrudisha msomaji wa Kiswahili karibu na nyumbani, maana sehemu kubwa ya pembe zilizofika Connecticut katika karne ya 19 zilipitia Zanzibar, zikapelekwa katika miji ya Deep River na Ivoryton kukatwa vibao vya piano, na miji hiyo iko katika bonde lilelile la mto Connecticut unaopita Hartford. Pamoja na mvuto wa habari hiyo, mpini hausaidii kumtambua mchonga chuma, kwa sababu hufunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa wakati wowote, na mipini mingi ya pembe inayoonekana leo ilifungwa miaka mingi baada ya mtutu wake kutengenezwa.

Namna ushahidi huu wote unavyokutana inaweza kuonyeshwa kwa bastola moja ya Single Action Army ambayo mwandishi alipewa aieleze kwa ajili ya mgawanyo wa mirathi. Ilikuwa na koti la nikeli na kisanduku chenye karatasi iliyochapwa kwa taipureta, ikisema kwamba nakshi ni za Gustave Young, na familia ilikwisha kupanga mafungu yao kwa kutegemea jina hilo. Tarehe peke yake ziliitia karatasi hiyo mashaka, kwa kuwa Young aliondoka Hartford miaka minne kabla ya aina hiyo kuanza kutolewa. Hilo halikuzuia kabisa uwezekano wa yeye kuichonga mahali pengine, ila liliongeza kiasi cha ushahidi uliohitajika. Namba za kiwandani kwenye kiunzi, kwenye kinga ya kifyatulio na kwenye uti wa mpini zililingana, na tawi moja la majani lilivuka kiungo kati ya kiunzi na uti huo bila kukatika, jambo lililoonyesha kwamba vipande hivyo vilichongwa vikiwa vimefungwa pamoja. Nakshi ilizizunguka tarehe za hataza kwa uangalifu na kuziachia uwanja, na nikeli ilikuwa imeshuka hadi chini ya mikato, ishara kwamba patasi ilitangulia na koti likafuata. Barua ya kiwanda ilipofika, ilisema kwamba bastola ilitumwa ikiwa laini kwa mfanyabiashara wa New York.

Baada ya hapo ndipo lenzi ilipoletwa kwenye majani. Mizunguko ilikuwa mipana, kila jani lilifungwa kwa mikato miwili mifupi nyuma ya kona, vitone vilimwagwa bila safu, na mpaka wa kuzunguka mdomo wa mtutu ulikuwa wa pembetatu ndogo zilizoshikana. Mambo hayo, yakiwekwa kando ya nakala za daftari la Nimschke, yalilingana katika mpaka na katika ufungaji wa majani, ingawa hapakuwa na nakala ya bastola hiyo yenyewe. Maelezo yaliyoandikwa mwishowe yalisema kwamba nakshi ni kazi ya New York ya wakati wa kutumwa kwa silaha, na kwamba inahusishwa na L. D. Nimschke au karakana yake. Warithi wangefurahia sentensi fupi zaidi na yenye uhakika zaidi, lakini kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa na kitu cha kukionyesha kwa kidole.

Tahadhari hiyo ya maneno si woga wa kitaaluma. Karakana za wakati ule ziliendeshwa na bwana mmoja aliyekuwa na wasaidizi, na bwana huyo angeweza kuchonga mtutu huku mwanafunzi akijaza vitone kwenye kiunzi, kwa hiyo hata jina lililo sahihi mara nyingi ni jina la chumba cha kazi kuliko la mtu mmoja. Ndiyo maana waandishi makini hutofautisha ngazi kadhaa: kazi iliyotiwa saini, ambayo saini yake imechunguzwa, kazi iliyothibitishwa na hati za wakati wake, kazi inayohusishwa na fundi fulani kwa sababu ya mazoea ya mkono, kazi ya karakana yake, na kazi iliyofuata mtindo wake, ambayo inaweza kuwa ya mtu yeyote aliyeupenda. Ngazi hizi hazionekani kuwa na tofauti kubwa zikisomwa harakaharaka, lakini katika mnada kila moja ina bei yake, na kuruka kutoka moja hadi nyingine bila ushahidi ni sawa na kuuza kitu ambacho hakipo.

Fedha ndiyo inayolifanya somo hili lisiwe la watu wa makumbusho pekee. Bastola nyingi ziliondoka kiwandani bila pambo lolote, na kwa kuwa iliyopambwa huuzwa kwa bei kubwa zaidi, wamekuwapo katika kila kizazi mafundi hodari wanaochonga majani mapya juu ya chuma cha kale, na wapo wanaoandika vyeti kuyapa majani hayo wazazi mashuhuri. Dhidi ya watu hao jicho la kupenda uzuri halina kinga, kwa sababu mghushi mzuri huanza kwa kuiga uzuri. Kinachomshinda ni mambo ambayo hakuna anayeyapenda, kama vile kutu iliyokatwa na mstari, namba isiyolingana, koti la nikeli lililotangulia patasi, au leja isiyotaja nakshi wala ulaini.

Kwa yeyote atakayepewa silaha ya namna hii aitafutie fundi wake, iwe kwa urithi au kwa kazi, utaratibu unaopendekezwa na uzoefu huu ni mwepesi kueleza na mgumu kuufuata: atenganishe kwanza kilichopigwa chapa na kilichochongwa, athibitishe kwamba mikato ina umri wa chuma kilichoibeba, aombe barua ya kiwanda na kufuata njia ambayo silaha ilipita, alinganishe vitu vidogo na kazi ambazo hazina ubishi, na ndipo aruhusu jina litajwe, akiwa ameandika kando yake ni kwa ngazi gani. Ikiwa jina halikupatikana, maelezo ya mkono bado yana faida, kwa kuwa fundi aliyeelezwa vizuri bila jina anaweza kutambuliwa siku karatasi nyingine itakapojitokeza, ilhali fundi aliyepewa jina lisilo lake huwapotosha wote wanaokuja baadaye.